Ombi la Kurudishiwa Ugomvi Wangu wa Miaka Kumi na Moja

Kwa Katibu wa Kanisa,
Jengo lenye paa la bluu, nyuma ya duka la saruji.

Ndugu Katibu,

YAHUSU: UGOMVI WANGU ULIOPOTELEA KATIKA IBADA YENU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na waumini wote, hasa yule mama wa mapokezi aliyenikumbatia kabla hajaniuliza jina. Mimi si mtu wa lawama. Katika miaka thelathini na nane ya kushona makochi sijawahi kuandika barua ya malalamiko hata kwa wauza sponji, na wauza sponji, Ndugu Katibu, waombee tu, usiwajue. Lakini yaliyonipata kanisani kwenu Jumapili iliyopita yamenifika hapa, na ungekuwa karibu ungeona ninapoonyesha. (Mwandiko usikushangaze. Utaelezwa mwishoni.)

Nianze na dai lenyewe, usije ukasoma ukidhani nataka kitu kikubwa. Nilikuja kwenu nikiwa na ugomvi. Ulikuwa ugomvi mzuri, wa miaka kumi na moja, uliotunzwa, haujawahi kukosa hata siku moja, si sikukuu, si msibani. Nikatoka kwenu sina. Naomba nirudishiwe.

Mimi ni fundi wa kuvisha makochi. Jirani yangu, ambaye nitamwita Seremala kwa kuwa jina lake niliapa kutolitaja (ni jina zuri, alipewa na babu yake), ndiye aliyekuwa akichonga fremu. Yeye mbao, mimi sponji na kitambaa. Miaka kumi na tisa tulifanya kazi karakana moja, chupa ya chai moja, na mteja akituuliza nani mkubwa hapa, kila mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake. Mpaka likaja kochi la kijani.

Lilikuwa kochi la watu wawili, la mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu. Seremala akapima fremu yake, akaniambia kwa mdomo wake: inchi hamsini na nne. Nikachukua tepu yangu, nikakata kitambaa inchi hamsini na nne. Kuvisha, kitambaa hakifiki. Ubao unachungulia upande wa kulia, inchi moja kamili, uchi wa mnyama. Yeye akasema kitambaa changu kifupi. Mimi nikasema mbao zake ndefu. Yeye akasema nirudie kupima. Mimi nikasema asiyejua kuhesabu inchi akachonge miiko. (Hayo yalisemwa mbele ya mteja, na yaliuma.) Tangu siku hiyo hatusemezani. Tulijenga ukuta katikati ya karakana. Mimi nikaupaka rangi upande wangu, yeye akaupaka upande wake, rangi ile ile, na mpaka leo kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeiga.

Utauliza, haya yanahusiana nini na kanisa lenu? Tulia, nakuja. Kanisani kwetu kulikuwa na ibada mbili. Mimi nilikuwa nasali ya kwanza, yeye ya pili, na Mungu alikuwa anatupokea kwa zamu bila matatizo. Mwezi huu paa likaanza kuvuja, wazee wakaunganisha ibada zote mbili kwenye ukumbi mdogo. Ukumbi wenyewe ukipiga chafya huku, wa kule anakwambia pole. Nikakaa nikafikiri kama mtu mzima. Nikaamua kutafuta kanisa la mbali, ambalo bwana huyo hata akipotea hawezi kulifikia. Nikavuka daraja, nikapita soko, nikapanda kilima, saa nzima kwa miguu, nimevaa viatu vya ibada ambavyo havikununuliwa kwa ajili ya kutembelea. Nikaingia kwenu. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili mtakapojibu msirukeruke.

1. Kuhusu kuwasimamisha wageni. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, nyuma ya spika. Mtu akikaa nyuma ya spika amejieleza. Lakini hata jasho halijanikauka, Mchungaji akasema wageni wasimame tuwaone. Kwetu mgeni anaachwa mpaka azoeleke mwenyewe, na asipozoeleka hakuna anayemfuata. Nikabaki nimekaa, naangalia dari. Mama wa mapokezi akaja akitabasamu, akanishika kiwiko, akaninyanyua kama anayenyanyua kapu. Nikasimama. Na upande wa pili, kando ya nguzo, akasimama mgeni mwingine mmoja tu, amevaa koti la kijivu (lililomkaa vizuri).

Alikuwa Seremala. Kumbe na yeye alikaa akafikiri kama mtu mzima, akatafuta kanisa la mbali ambalo mimi hata nikipotea siwezi kulifikia. Huo ni wizi wa mawazo, lakini kwa leo sitaujadili. Kanisa lilitupigia makofi. Nikakaa kabla ya kuambiwa, Ndugu Katibu, na si kwa sababu ya kilima.

2. Kuhusu kalamu yenu. Tulipewa kadi za wageni: jina, unasali wapi, na chini kabisa, Ombi lako ni nini. Nikaona hapa ndipo pa kujiokoa. Nikaandika kwa herufi kubwa: NISIWE KARIBU NA YULE BWANA MWENYE KOTI LA KIJIVU. Ombi la kistaarabu, halimdhuru mtu. Lakini kalamu yenu hutoa wino ikipenda. Kwenye neno la kwanza iligoma kidogo, nikaisugua kiganjani, ikaamka, nikaendelea. Sikuona ilipogomea, kwa sababu jicho langu la kushoto liliniaga zamani, na la kulia lilikuwa linasubiri kupasuliwa kesho yake, Jumatatu.

Herufi zilizokosa wino zilikuwa mbili tu: S na I. Mama wa mapokezi akaichukua kadi, akashika kipaza sauti, akasoma: "Niwe karibu na yule bwana mwenye koti la kijivu." Kanisa zima likasema "Aaaa", kama watu walioonyeshwa mtoto mchanga. Akina mama wawili walitoa leso. Mimi nikapaza sauti kusema si, si, imeruka si, na watu wakadhani nimeguswa. Kinanda kikaanza.

Herufi mbili, jamani! Nunueni kalamu.

3. Kuhusu kutangaza jicho langu. Kadi ya mgeni wa pili nayo ilisomwa. Kalamu aliyopewa yeye ilikuwa nzima, haikuruka hata nukta. Ilisema: "Naomba jicho la fundi jirani yangu lipone, maana ana siku ngumu kesho." Sijui alijuaje. (Ukuta ni mwembamba, na fundi akiongea na daktari kwa simu hupiga kelele.) Mimi sikumpa ruhusa mtu huyu aliombee jicho langu. Tuligombana mwili mzima, jicho likiwamo. Kanisa likanyoosha mikono kuelekea usoni kwangu, watu zaidi ya mia mbili, wote wakiomba kwa wakati mmoja, na mimi sikuwa na pa kulipeleka jicho. Naomba maombi hayo yaangaliwe upya kama yalifuata utaratibu.

4. Kuhusu kiti cha wageni. Baada ya maombi hayo tukapelekwa mbele, mimi na yeye, tukaketishwa kwenye kochi la heshima lililotandikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Fundi hahitaji macho kulijua kochi lake. Nilipokaa tu, nikajua. Sponji ile niliichagua mwenyewe. Nikapapasa mkono wa kochi, nikakuta mshono wangu maradufu na fundo langu la mwisho, ambalo hakuna mwingine analifunga hivyo. Nikafunua kitambaa cha kufuma kidogo. Kijani.

Nasikia yule mwalimu aliwaachia alipohama. Sawa, alitoa kwa moyo. Lakini mlishindwa nini kulitengeneza? Ubao bado uko vile vile, inchi moja, uchi, umefunikwa tu na kitambaa kama deni. Nilikuwa nimeketi upande wa ubao. Mchungaji akasema tufumbe macho tuombe. Nikaona ndio wakati wa kuhakikisha. Nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nipime kwa kidole gumba. Nikakuta kuna mkono mwingine tayari, umepitia nyuma ya mgongo wangu, unapima. (Kidole gumba cha seremala ni inchi moja kamili. Hakuna kifaa cha kuaminika zaidi.) Nikausukuma. Ukanisukuma. Mchungaji akafumbua macho, akatutazama, akasema kwa sauti ya kutetemeka: "Tazameni, wapendwa. Wageni wetu wameshikana mikono." Mkapiga vigelegele.

5. Kuhusu "mwambie jirani yako". Hapa ndipo ugomvi wangu ulipopotelea, kwa hiyo soma taratibu. Mahubiri ya kwetu, mhubiri anahubiri, sisi tunasikiliza, wengine tunasinzia, wote tunarudi salama. Kwenu kila baada ya dakika mbili Mchungaji anasema: mgeukie jirani yako, mwambie hivi. Nikageuka kushoto, kuna kinanda. Nikageuka kulia, kuna Seremala.

Mchungaji hakujua, na sikupewa nafasi ya kumweleza, kwamba kwangu "jirani" si neno la ibada. Ni anuani. Ninaye mmoja tu, maana upande wa pili wa nyumba yangu ni uwanja wa mpira. Wenzangu wote waligeuka wakawaambia watu wasiowajua maneno matamu, kisha wakaenda zao, hakuna aliyedaiwa kitu. Mimi peke yangu kanisa zima ndiye niliyemwambia jirani.

Tukaambiwa: "Jirani, umependeza." Nikasema, kwa meno. Hilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake baada ya miaka kumi na moja, na ilikuwa sifa! (Alijibiwa, "Asante, na wewe." Ilitoka moyoni.) Tukaambiwa: "Jirani, usikate tamaa." Nikasema. Tukaambiwa: "Jirani, kesho yako ni njema." Akaanza yeye kuniambia. Ndugu Katibu, kesho yangu ilikuwa daktari, kisu, na jicho moja lililobaki. Fundi asiyeona si fundi. Nilikuwa nimebeba hofu hiyo wiki tatu, sijamwambia mtu, hata binti yangu nilimdanganya kwamba ni kusafisha tu. Na mtu wa kwanza kuniambia kesho yangu ni njema akawa huyu. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Hilo nalo naliweka kwenye malalamiko.

Kisha Mchungaji akasema: "Mwambie, Jirani, nimekusamehe." Hapo nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, hata mbingu zishuke. Mchungaji akasema, "Kuna mtu hajasema. Namwona." Kanisa likanyamaza. Akasema tena, "Yuko karibu kabisa na mimi." Ulikuwa umbali wa hatua mbili, yeye, mimi, na kochi. Nikasema. Seremala naye akasema. Tukakumbatishwa.

Sasa nisaidieni hesabu. Mimi nimemsamehe kwa inchi ambayo yeye anasema hakuiongeza. Yeye amenisamehe kwa inchi ambayo mimi nasema sikuipunguza. Wote tumesamehewa, hakuna aliyekosa. Inchi ya watu ni ya nani? Mmeiacha yatima, iko pale kwenye kochi lenu, inaangalia watu. (Nyani haoni kundule.)

6. Kuhusu hasara nilizopata tangu siku hiyo. Jumatatu asubuhi, hodi. Nani? Seremala, ameoga, ameshika mfuko wenye mkate. Nikamwuliza anataka nini. Akasema, "Si umenisamehe?" Akanipeleka hospitali. Akakaa kwenye benchi la nje saa nne, ameshika viatu vyangu mapajani kana kwamba kuna mtu anavitaka. Nilipotoka, jicho limefungwa bandeji, sikuona kitu, lakini nilisikia harufu ya vumbi la mbao nikajua yuko. Jumanne akaja. Jumatano akaja. Daktari ameandika dawa ya matone, bandeji inafunguliwa na kufungwa tena mara nne kwa siku, na huyu bwana ananitilia kwa saa, tone moja, hazidishi, hapunguzi. Alhamisi alichoka kuzungukia nje, akaja na msumeno na nyundo, akafungua mlango kwenye ukuta wetu. Ukuta wetu! Tuliojenga kwa uchungu! (Mlango una bawaba tatu na haulii hata kidogo.)

Nani atanilipa asubuhi zangu? Zamani nilikuwa naamka najua la kufanya. Nikisikia randa yake imeanza, nami naanzisha cherehani, nakanyaga mpaka sauti yake izame. Ugomvi unamtoa mtu kitandani, Ndugu Katibu, hasa mjane wa kiume. Sasa naamka nasikia, "Jirani, umelalaje?" Nitajibu nini? Nililala vizuri.

Na kuna jambo jingine, nilitaka kuliacha, lakini barua ni barua. Mke wangu alipofariki, miaka minne iliyopita, jeneza lililetwa mlangoni kwangu halina jina la aliyelitengeneza. Nilimjua kwa jinsi kona zilivyokutana. Lilimtosha mke wangu sawasawa, jambo linalothibitisha kwamba bwana huyu akitaka kupima anaweza. Sikumshukuru, kwa sababu tulikuwa hatusemezani, na utaratibu ni utaratibu. Ugomvi ulikuwa unanishikia ile asante. Sasa mmetusemezanisha, ugomvi umeondoka, asante imenibaki kooni miaka minne ikiwa nzima, na kila akinitilia dawa inapanda na kushuka. Sijui niiweke wapi. Mliofungua ni nyinyi. (Hapa mwandishi alipumzika kidogo.)

7. Ninayoyadai. Kwa kuwa yote haya yamesababishwa na ibada yenu, nadai yafuatayo, na naamini ukiyatazama kwa utulivu utaona ni ya haki.

Mchungaji atangaze kwamba samahani zote zilizotolewa kwenye kochi lile Jumapili iliyopita zilikuwa za majaribio. Neno "jirani" liondolewe kwenye mahubiri, badala yake waumini waambiwe, "Mgeukie mtu uliyekaa naye kwa bahati mbaya." Majirani wa kweli watambuliwe mlangoni kwa kuulizwa wanakaa nyumba ya ngapi, wakae mbali, nguzo mbili katikati, na mama wa mapokezi awe na daftari la nani hasemi na nani, lipitiwe upya kila mwezi maana mambo hubadilika. Makanisa yote ya karibu yapelekewe nakala ya daftari hilo, ili mtu akikimbia ugomvi wake asiukute umefika kabla yake.

Mwisho, na hili ndilo kubwa: kochi la kijani litolewe nje, mbele ya waumini wote, lipimwe, na kanisa litoe cheti chenye muhuri kinachosema mbao zilikuwa ndefu. Lipimwe kwa tepu yangu, si nyingine. Tepu hii iko kwenye msumari wake pembeni ya cherehani miaka ishirini na zaidi. Hakuna aliyewahi kuigusa isipokuwa mimi, na marehemu mke wangu, aliyekuwa mtu wa unadhifu, akiifuta vumbi na kuipunguza nyuzi zilizofumuka. Haijawahi kunidanganya. Tangu niachane na Seremala, fremu za watu napima mwenyewe kwa tepu hii, kitambaa nakata kwa tepu hii, na hukutana bila maneno. Sasa niambie, mwenye kosa ni nani? (Swali zuri.)

Msipotekeleza haya katika siku kumi na nne, nitalazimika kuja kanisani kwenu kila Jumapili, nikae nyuma ya spika, nisisimame hata nikinyanyuliwa.

Nisalimie Mchungaji, ana sauti nzuri ingawa anaitumia vibaya. Msalimie mpiga kinanda. Wasalimie akina mama wawili wenye leso, waambie wasilie tena mpaka wapate ukweli. Msalimie mama wa mapokezi, na umwambie kiwiko kimepona.

Aliyesamehe bila hiari yake,

Fundi Makochi
(ametia dole gumba, la kulia)

N.B. Ndugu Katibu, barua ilikuwa imeisha, naomba unisubiri kidogo.

Nilikuwa sijakwambia kwamba kwa sababu ya bandeji siandiki wala sisomi. Barua hii nimeisema kwa mdomo. Binti yangu yuko kazini wiki nzima, na kati ya watu wanaoingia hapa kwangu, mwenye mwandiko unaosomeka ni mmoja tu, yule aliyekata mlango. Nilimwapisha aandike kila neno nitakalosema, hata la kumtukana yeye, na ameandika. Sikukumbuka kumwapisha asiongeze. Leo Jumamosi binti yangu amekuja, nikamwomba anisomee kabla haijatiwa kwenye bahasha. Ndipo nikasikia mabano. Koti lililomkaa vizuri! Nyani haoni kundule!

Nikawaka. Nikasema, leteni tepu hapa hapa, tupime chochote, tumalize leo. Binti yangu akaishusha msumarini. Kimya. Seremala naye kimya, na huyu si mtu wa kukaa kimya (ni kweli). Binti yangu akaniuliza, "Baba, moja iko wapi?" Nikamwambia moja gani? Akasema, "Kwenye tepu yako. Inaanzia mbili."

Nikaipapasa. Ncha ya bati haipo. Imekatwa kwa mkasi, imenyooka, halafu imezungushiwa mshono mdogomdogo wa mkono, ule mshono ambao ningeujua hata nikiwa usingizini. Binti yangu akakumbuka. Ile ncha ilikuwa inakwaruza kitambaa cha kijani cha mwalimu, mama yake akaikata asubuhi ile ile, akaipinda vizuri, akairudisha msumarini. Hakuona haja ya kuniambia. Alikuwa amenisaidia. Na mimi miaka yote hiyo sikuona, kwa sababu mtu anayeiamini tepu yake haangalii inapoanzia, anaangalia inapoishia.

Kwa hiyo lalamiko la kwanza, la tatu, la nne, la tano, la sita na la saba yafutwe. La pili libaki. Kalamu mnunue.

Bandeji inatoka Jumatano. Jumamosi ya wiki ijayo tutakuja wawili, tunaomba mlango uachwe wazi. Yeye hataigusa fremu, maana mbao hazina kosa na hazijawahi kuwa nalo. Mimi nitaleta kipande cha kijani kilichobaki, nilikihifadhi kama ushahidi, kinatosha inchi moja na zaidi. Jicho likiwa limerudi, nitapima mwenyewe. Likiwa halijarudi, atanisomea yeye, kwa tepu yake.

Jumapili yake tutakaa kwenye kochi. Naomba kitu kimoja tu kwa Mchungaji. Safari ile alitusemesha, "Jirani, nimekusamehe." Ile haikuwa yangu kusema. Iko nyingine, fupi zaidi, inasema, "Jirani, nisamehe." Tafadhali aitoe hiyo, tena aitoe mapema, kabla sijapata nafasi ya kufikiri, na akiona kuna mtu hajasema, asimwonee haya, amkazanie. Nikishafungua kinywa, ile asante ya jeneza itapita hapo hapo nyuma yake. Bila kuamriwa, mimi siwezi.

(Nimesikia.)